Nchi yetu iko tayari kurahisisha forodha na biashara ya mipakani? Mimi nasema tuhesabu saa

#1 – Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu.

Wiki iliyopita nililetewa dodoso, mimi na mawakala wenzangu kadhaa wa forodha hapa Dar. Linauliza nchi iko tayari kiasi gani kurahisisha taratibu za forodha na biashara ya kuvuka mipaka. Majibu ni matatu tu: ipo, ipo kwa sehemu, haipo. Sheria ya forodha? Ipo, tena ya Jumuiya nzima ya Afrika Mashariki, ya mwaka 2004. Mfumo wa kielektroniki? Upo, TANCIS. Dirisha moja la kuombea vibali? Lipo. Kamati ya taifa ya uwezeshaji biashara? Ipo. Nikajikuta naweka alama za vema tu ukurasa baada ya ukurasa kama mwanafunzi aliyeiba mtihani, huku simu inaita: mteja anauliza kontena lake limekwama wapi.

Ikabidi niweke kalamu chini.

Kwa ambao si wa mambo haya, niwape picha kidogo. Shirika la Biashara Duniani lina Mkataba wa Uwezeshaji Biashara. Ulipitishwa Bali, Indonesia, Desemba 2013, ukaanza kufanya kazi tarehe 22 Februari 2017 baada ya theluthi mbili ya wanachama kuuridhia. Kenya walishauridhia tangu 2015, Rwanda wamo kwenye kundi lililokamilisha hesabu siku ileile ya Februari 2017, sisi tukaingia 2020. Ndani yake kuna hatua 36 ambazo nchi inajipima nazo: kutangaza taratibu na ada mahali mtu anaweza kuzisoma, kupokea nyaraka kabla meli haijafika, kukagua kwa kuangalia hatari badala ya kufungua kila boksi, kuwapo kwa mahali pa kukata rufaa, na kadhalika.

Utamu wake uko hapa. Nchi zinazoendelea zinajipanga zenyewe kwenye makundi matatu. Kundi A, hili naliweza. Kundi B, nipe muda. Kundi C, nipe muda na msaada. Aliyewahi kukaa kwenye vikoba anaujua mtihani huu. Ukisema mambo yako mazuri, unapigiwa makofi na mkopo anapewa jirani. Ukisema hali mbaya, unapewa, ila mnatazamana kwa jicho lingine. Kwa hiyo hata kabla ya kupima, kila nchi ina sababu ya kujiongezea au kujipunguzia.

Vipimo vingine vipo. OECD, lile shirika la nchi zilizoendelea, wana viashiria 11, kila kimoja alama 0 mpaka 2. Benki ya Dunia wana kile cha usafirishaji na ugavi, alama 1 mpaka 5. Kile chao kingine kilichokuwa kinatajwa sana na wanasiasa, cha urahisi wa kufanya biashara, kilituweka nafasi ya 141 katika toleo la 2020, halafu Septemba 2021 wakakifunga wenyewe baada ya kasoro kwenye takwimu zake. Sisemi vyote havina maana. Nasema hakuna hata kimoja kilichokuwa pale na mimi Jumamosi ninayotaka kuwasimulia.

Kontena la futi 20, vifaa vya saluni, mteja ni mama mmoja wa Sinza anayefungua duka lake la pili. Nyaraka niliziingiza meli ikiwa bado baharini. Asesmenti (hesabu ya kodi) ikatoka, namba ya malipo ikatoka, kodi ikalipwa. Ijumaa mchana taasisi mbili kati ya tatu zilizotakiwa kuugusa mzigo ule zilishabonyeza ndiyo kwenye mfumo bila hata kunyanyuka kitini. Safi kabisa, nawapa hongera. Ya tatu, sitaitaja, ikasema inataka kuona kwa macho.

Jumamosi saa 4 asubuhi tuko bandari kavu, yaani yadi ya makontena nje ya bandari, Barabara ya Mandela. Kontena limeshashushwa, liko chini. Vibarua wanne wamekaa kwenye kivuli chake. Ofisa wa forodha kafika kabla yangu, ana lakiri mpya mkononi, kile kifungo cha kufungia mlango wa kontena. Mkaguzi wa taasisi ya tatu hayupo. Nampigia, ananiambia kwa upole kabisa: gari la ofisi limekwenda Mkuranga na mwenzake. Nikamwambia namtumia bajaji, akasema haruhusiwi kubebwa na wakala, ni kanuni ya maadili. Na kwa kweli ni kanuni nzuri, mimi nikiwa bosi wake ningeiweka hivyohivyo. Vibarua nikawalipa siku yao wakaondoka. Jumatatu mfumo haukufunguka mpaka saa 8 mchana. Jumanne akaja, akafungua boksi moja la katikati, akapiga picha mbili, akasaini. Nilitazama saa: dakika 11.

Dakika 11 za kazi, siku tatu za kusubiri, na gharama ya storeji juu ya kichwa cha mama wa Sinza.

Nilipita lile dodoso lote tena nikitafuta swali linalohusu gari. Halipo. Ndiyo maana nimekuja kwenu: mngeulizwa nyinyi kama nchi iko tayari, mngepima nini?

Nawasilisha.

#4

Mkuu, umeandika vizuri ila unajisumbua. Hizi tathmini ni semina za hotelini. Mnakula sambusa, mnapewa posho ya nauli, ripoti inapigwa picha na waziri, sisi Kariakoo tunabaki na hali yetu. Mei 2023 tulifunga maduka, Juni 2024 tukafunga tena. Kuna mtu alikuja na dodoso siku hiyo? Kilio chetu unakijua: mzigo unautoa bandarini na risiti zote, ukifika dukani anakuja mtu mwingine anauliza upya ulilipaje. Halafu wale tunaochangia kontena, mzigo wa watu thelathini kwenye kontena moja, karatasi iko kwa jina la msafirishaji. Mimi nathibitishaje kwamba mabegi yangu yalilipiwa?

#5 – Mleta uzi

Kaka, hoja yako ya mwisho ndiyo nzito kuliko ya sambusa (ingawa na mimi sambusa nimekula).

Kuchangia kontena ndiyo biashara ya Kariakoo ilivyo, na taratibu zote tulizonazo zimeandikwa kwa kumfikiria mtu mwenye kontena zima, invoisi moja na wakala mmoja. Mwenye mabegi manne kutoka Guangzhou hayumo humo. Kwa hiyo unaweza kukuta nchi imepata alama safi kwenye "nyaraka zimepunguzwa" huku wafanyabiashara walio wengi hawana karatasi hata moja yenye jina lao. Nimeliandika hili kwenye nafasi ya maoni, mistari miwili waliyotupa.

Ila nikupinge kidogo. Kujipima kumewahi kuzaa kitu. Mpango wa 2018 wa kuboresha mifumo ya udhibiti wa biashara ulianza kwa kuorodhesha taasisi zinazogusa mzigo mmoja. Mwaka uliofuata tukaona chakula na vipodozi vinatolewa TFDA (mamlaka ya chakula na dawa) vinapelekwa TBS (shirika la viwango), na TFDA ikawa TMDA, imebaki na dawa na vifaa tiba. Wakala yeyote wa zamani atakwambia kabla ya hapo katoni moja ya juisi ilikuwa na mabosi wawili. Orodha ile ilikuwa karatasi tu, lakini ilimwonyesha aliyeko juu kitu ambacho sisi wa chini tulikuwa tunakizoea.

#9

Nyinyi mnalia siku tatu? Njooni Tunduma, mpakani na Zambia.

Mimi ni dereva, napeleka Kongo kupitia Zambia, mwaka wa kumi na mbili huu. Dar mpaka Tunduma ni zaidi ya kilomita 900. Njiani napima uzito wa gari Vigwaza, napima Mikese, napima Wenda, Makambako, Uyole, halafu Mpemba pale mlangoni kabisa. Mzigo ni uleule, lakiri ya kielektroniki imefungwa Dar na wanaiona kwenye skrini kila nilipo. Sijawahi kuelewa huwa tunadhani chuma kinaongezeka uzito njiani. Sawa, kikomo cha tani 56 kipo na barabara zinahitaji kulindwa, sikatai. Vigwaza wanapima gari likiwa linatembea, hiyo nawasifu.

Sasa foleni. Ukikuta mkia wake uko Mpemba, unazima injini, unatoa jiko la gesi. Tandiboi anatafuta maji. Kuna akina mama wanauza wali na maharage wanatujua kwa majina. Foleni ikisogea magari matano unawasha, unasogea, unazima. Nimewahi kukaa siku nne. Kituo cha pamoja kimejengwa, ni jengo zuri, vioo. Nakiona kutoka mbali siku ya tatu.

Na shida si upande wetu peke yake. Ukivuka Nakonde, upande wa Zambia, kuna sherehe yao, halafu Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, ni habari ya peke yake, sitaki hata kuanza. Kwa hiyo mkuu, ukipima nchi yako iko tayari na jirani hayuko tayari, umepima nini?

#10 – Mleta uzi

Dereva, nimesoma mara mbili. Swali lako la mwisho ndilo lililokosekana kwenye uzi wangu.

Ngoja nieleze kwa nini Rusumo au Namanga inaweza kwenda na Tunduma ikasumbua, maana watu wanadhani ni uzembe tu. Rusumo, Holili, Mutukula, Namanga: pande zote mbili ni Jumuiya ya Afrika Mashariki. Sheria ya forodha moja, ushuru mmoja kwa bidhaa zinazotoka nje ya Jumuiya, na kuna sheria ya Jumuiya ya 2016 inayompa ofisa wa nchi moja nguvu ya kufanya kazi yake ndani ya ardhi ya nchi nyingine. Tangu 2014 tuna himaya moja ya forodha: mzigo wa Kigali unatangazwa na kulipiwa kodi Rwanda kabla haujaondoka Dar, na maofisa wa forodha wa Rwanda wako hapahapa mjini. Lori likifika Rusumo kazi kubwa ilishafanyika.

Tunduma ni kitu kingine. Zambia iko SADC (umoja wa nchi za kusini mwa Afrika) na COMESA (soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika). Sisi tuko SADC na Jumuiya, COMESA tulijitoa mwaka 2000. Upande huu mfumo wa forodha ni TANCIS, upande ule ni mwingine, ASYCUDA. Lori linalotoka kwetu linamaliza forodha moja na kuanza nyingine upya, na mara nyingi wakala wa Nakonde anaanza kuandika pale bahasha ya dereva inapomfikia. Ukiongeza kwamba kupitia hapo ndipo panapopita shaba ya Kongo ikishuka na mafuta na makontena yakipanda, unaelewa kwa nini jengo la vioo peke yake halitoshi. Lilijengwa ili watu wa nchi mbili wakae dirisha moja. Kukaa dirisha moja kila mtu na kompyuta yake na bosi wake ni kitu tofauti na kufanya kazi moja.

Kwa hiyo jibu langu kwako: utayari wa mpaka upimwe kwa njia nzima, kuanzia lori linapotoka geti la bandari Kurasini mpaka linaposhusha Lubumbashi. Atakayepima Tanzania akaishia Tunduma amepima nusu ya kamba.

#14

Naomba niseme kitu kama mtu niliyewahi kuvaa sare za forodha. Nimestaafu, kwa hiyo nina uhuru kidogo.

Wote mmezungumza mifumo na majengo. Hakuna aliyemzungumzia yule kijana aliyekaa mbele ya skrini. Deklareshani, yaani tamko la mzigo, ikiingia, mfumo unaipeleka njia ya kijani, ya njano au nyekundu. Kijani mzigo unapita. Njano unasoma nyaraka. Nyekundu unafungua. Kitabuni, nyekundu iwe kidogo, na makosa mengine uyatafute baadaye kwenye vitabu vya mwenye mzigo ofisini kwake. Sasa jiweke kwenye kiti chake. Akiachia kontena likaja kukutwa na vitenge chini ya mabeseni, kesho yake anaandika maelezo. Akizuia makontena kumi ambayo ni safi, hakuna mtu duniani atakayemwita kumuuliza. Mwisho wa mwezi bosi wake anaulizwa makusanyo yamefika wapi, haulizwi mizigo imetoka kwa saa ngapi.

Mimi mwenyewe nilikuwa nafungua. Sioni aibu kusema. Nilikuwa na watoto shule.

Halafu mkumbuke kila taasisi ina hofu yake. Forodha inaogopa kukwepwa kodi. Wa dawa anaogopa dawa bandia, wa mimea anaogopa mdudu, Mkemia Mkuu wa Serikali anaogopa kemikali, Tume ya Nguvu za Atomiki inaogopa mionzi. Hofu zote ni za kweli. Lakini kila mmoja akikagua kwa hofu yake, kwa siku yake, kontena moja linafunguliwa mara tatu. Dirisha moja la kielektroniki limeunganisha maombi ya vibali. Kuziunganisha hizo hofu, tukafungua mara moja tukiwa wote, hiyo ni kazi ya wakubwa kukaa mezani na kila mmoja akubali kupoteza kitu.

#15 – Mleta uzi

Mzee wangu, shikamoo. Post yako ningeiweka ya kwanza kama ingewezekana.

Sina la kuongeza isipokuwa hili: ofisa wa Jumamosi yangu, yule mwenye lakiri mkononi, alikaa mpaka saa 7 bila kulalamika. Hakuna fomu inayomhesabia zile saa tatu.

#17

Habari za jioni. Mimi ni mwanamke, nafanya biashara Namanga, mazao na vitu vidogo. Naona wanaume mmezungumza makontena tu.

Sisi wadogo tuna utaratibu wetu rahisi wa Jumuiya. Mzigo usiozidi dola 2,000, uliozalishwa ndani ya Jumuiya na uko kwenye orodha, unapewa cheti rahisi cha uasili palepale mpakani, hulipi ushuru wa forodha. Ni kitu kizuri na kinafanya kazi, siwezi kusema uongo. Kabla ya kituo cha pamoja kufunguliwa Desemba 2018 nilikuwa nasimama foleni mbili, ya kwetu na ya Kenya, mtoto mgongoni.

Lakini cheti cha uasili kinaniondolea ushuru, hakiniondolei ukaguzi. Machi 2021 Kenya walipozuia mahindi yetu kwa ajili ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye nafaka, nilikuwa na magunia arobaini upande huu. Baada ya siku chache wakafungua kwa masharti: ujisajili, uwe na cheti kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Mimi sina ugomvi na afya za watu. Ila kupimwa kwa gunia arobaini na kupimwa kwa malori arobaini bei haipishani kama mzigo unavyopishana. Sampuli yangu ilipelekwa mjini, nikalala nyumba ya wageni usiku tatu. Mwenzangu hakusubiri. Alipita njia za panya kwa pikipiki, gunia mbilimbili, akamaliza kabla cheti changu hakijarudi.

Sasa ukiuliza mimi na yeye nani alikuwa tayari, nitakujibu nini?

Na wenye nchi wakiamka wanaweza kufunga wakati wowote. Aprili 2025 sisi wenyewe tulizuia mazao ya Malawi na Afrika Kusini, baada ya siku chache tukafungua. Mwenye ndizi barabarani hizo siku chache ndiyo mtaji wake.

#20 – Mleta uzi

Dada wa Namanga, umenipiga mahali penyewe. Mkataba una kifungu chake kabisa kuhusu bidhaa zinazoharibika, kwamba zitolewe haraka iwezekanavyo, hata nje ya saa za kazi ikibidi. Kwenye dodoso ni swali moja: "utaratibu upo?" Ningekuwa na uwezo ningelibadilisha liwe: nyanya zikifika mpakani Jumapili saa 1 usiku, nani anapokea simu, na namba yake imebandikwa wapi?

Nimerudi kwenye lile dodoso jana usiku nikaliandika upya pembeni kwa kalamu, kwa kutumia uzi huu. Penye "mfumo upo?" nimeandika: mwezi uliopita ulikaa chini saa ngapi, na mizigo ilifanywaje wakati huo? Penye "ukaguzi wa pamoja upo?" nimeandika: kontena lilifunguliwa mara ngapi, na wakaguzi wana magari mangapi? Penye "usimamizi wa hatari upo?" nimeazima maneno ya mzee: ofisa akizuia mzigo safi, kuna mtu anamuuliza? Najua watakaolipokea watakuna kichwa, halina mahali pa kuweka vema.

Ila kuna jambo moja tunaweza kulifanya wenyewe bila kusubiri mtu. Mkataba unahimiza nchi zipime na kutangaza wastani wa muda wa kutoa mzigo, na Shirika la Forodha Duniani lina mwongozo wake. Unahesabu kila hatua: meli imetia nanga saa ngapi, deklareshani saa ngapi, malipo, ukaguzi, relizi (ruhusa ya kutoa mzigo), geti. Nyingi ya hizo saa zimo kwenye simu zetu, kwenye meseji. Tuziandike hapa. Mzigo gani, umefika lini, umetoka lini, ulisimama wapi na ulimsubiri nani. Taasisi msizitaje kwa kuzichafua, andikeni "wa kwanza", "wa pili", inatosha. Mimi naanza na la mama wa Sinza, kila hatua na saa yake, nitaliweka kesho nikishapekua meseji.

Bandari wanatuambia meli zinahudumiwa haraka zaidi siku hizi, waendeshaji wapya wapo, bandari kavu ya Kwala ilizinduliwa mwaka 2025. Vizuri. Hizo saa nazo tutaziona humu, za meli na za kontena, kila moja kwa mstari wake.

#21

Mkuu hapo sawa. Tukiziandika hata mia watu wataanza kuulizana. Nakazia uzi. Mimi ninazo za makontena manne ya mwezi huu ila moja ni aibu, nitalileta usiku watu wakilala.

#23

Dereva hapa. Nimeingia mkia wa foleni leo saa 11 na dakika 20 alfajiri, nikatoka mzani wa Mpemba saa 3. Mzigo ni kontena la futi 40, mashine, lakiri nzima. Mbele yangu nimehesabu malori mpaka kwenye kona nimefika 86, baada ya kona sioni. Tandiboi ameshabandika chai.

Naanza kuhesabu.